Miche 200 ya muiri, mama mmoja

Mtembezi_wa_Arbo (mleta uzi)

Wadau, salamu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye chai aisogeze karibu.

Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023, ile sikukuu iliyotangazwa ya kupanda miti? Wakazi wa mtaa wetu tulichanga pesa tukanunua miche 200 ya muiri. Tulijiona tumewashinda wote. Wengine walikuwa wanashusha mikima (ile grevilea) na mikaratusi kwenye pikapu, sisi tukasema la, leo ni mti wa kwetu. Tukaichimbia kando ya mto, tukapiga picha, tukarudi nyumbani na matope hadi magotini.

Kiangazi cha Januari kilipopita nikarudi kwenye kitalu kile kile kutafuta miche ya kujazia mashimo. Kijana alikuwa anamwagilia. Nikamuuliza, kwa kupiga stori tu, mbegu hizi huwa mnazitoa wapi. Akanyoosha mkono wenye mpira wa maji. "Hapo kwa kanisa. Mti uko nyuma ya choo. Huo mti huzaa vibaya sana, yaani matunda tele." Na mwaka jana? "Huo huo." Na mwaka juzi? Akaniangalia kama mtu wa kodi.

Nikapitia huko kanisani. Mti upo, tena ni mzuri, gome jeusi limepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Nikazunguka nikitafuta muiri mwingine. Nikaona jakaranda, mukima na nguzo ya stima. Basi.

Kwa hivyo miche yetu 200 ni watoto wa tumbo moja, na huenda baba yao ni huyo huyo mama yao. Tangu siku hiyo sijatulia.

Kwa asiyeujua, muiri (wataalamu huuita Prunus africana) ni ule mti ambao ukifikicha jani lake linanukia kama lozi. Gome lake hupelekwa Ulaya kutengenezewa dawa ya tezi dume. Watu waliumenya mzingo mzima, ukafa umesimama, mpaka mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikaanza kudhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Leo umo kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Tatizo lake la pili ni mbegu. Punje ya mahindi utaikausha, utaitia kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na wajukuu wataikuta hai. Mbegu ya muiri ukiikausha sana inakufa, ukiisahau kabatini miezi michache inakufa vilevile. Benki yake ya kuaminika ni miti yenyewe ikiwa imesimama.

Hapo ndipo nikaanza kuziangalia bustani zetu kwa jicho lingine. Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, ilianzishwa 1907, na haikuanzishwa kuhifadhi kitu. Wakoloni walikuwa wanajaribu ni miti gani ingekua upesi wapate kuni za gari la moshi. Leo ina aina zaidi ya 350 ndani ya hekta 30 hivi. Sasa toa njia, toa nyasi, toa watu wa maombi na wapiga picha za harusi, halafu niambie kila aina inabaki na miti mingapi. Mmoja, miwili, ikizidi mitano. Ni Safina ya Nuhu ile, wawili wawili. Tofauti ni kwamba Nuhu alikuwa na ahadi kutoka juu, sisi tuna kibandiko cha jina.

Swali langu: muiri mmoja ndani ya bustani ya umma, wenye kibandiko kizuri kabisa, unahifadhi nini hasa?

---

Kima_wa_CityPark

Mti ni mti, msee. Kivuli hakiulizi baba ni nani. Kuna mitaa Nairobi hii haina hata mti wa kufungia mbuzi, na wewe unalia una 200.

---

Mtembezi_wa_Arbo

Kima, kwenye kivuli nimekubali. Lakini hebu nikuulize. Kwenu ushago mna fahali mmoja. Mtamwacha apande binti zake, kisha wajukuu zake, miaka 20? Si mnampigia simu yule jamaa wa kudunga ng'ombe aje na mbegu ya mbali?

---

Kima_wa_CityPark

Hapo kwa ng'ombe umenipata. Endelea.

---

Hesabu_Tamu

Niingie na sufuria ya githeri, labda itasaidia.

Tuseme kwenye sufuria hiyo punje 5 kati ya kila 100 ni njahi, zilizobaki ni mahindi na maharagwe. Njahi ndiyo ile jeni adimu. Labda inausaidia mti kuvumilia kiangazi, labda inafukuza ukungu ambao hata haujafika Kenya. Hatujui, na hatuhitaji kujua leo. Tunachotaka ni ipatikane siku itakapohitajika.

Kila mti hubeba nakala mbili za kila jeni. Kwa hivyo kila mti unaochukua ni kama umechota punje mbili ukiwa umefumba macho. Ukichukua mti mmoja, nafasi ya kupata hata njahi moja ni kama 10 kati ya 100. Miti 10 ni punje 20, nafasi inapanda hadi 64. Miti 30 ni punje 60, unafika 95. Hesabu hii ni ya zamani, wanasayansi Marshall na Brown waliiandika 1975, wao walifikia nakala 59. Watu wa misitu wakikwambia "angalau miti mama 30", nguvu ya maneno hayo iko hapo.

Tazameni pia kinachofuata. Ukiongeza bidii mara mbili, ukaenda miti 60, unatoka 95 unafika 99 na ushee. Kwa maneno mengine, kutoka mti 1 hadi 30 ndipo pana kazi. Kutoka 30 hadi 60 ni kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Angalizo moja: hii ni kama githeri imekorogwa. Msituni haijakorogwa. Mti na jirani yake mara nyingi ni mama na mwana, maana mbegu nyingi huanguka karibu. Ukichota pembe moja ya sufuria mara 30, umechota pembe moja tu.

---

Mzee_wa_Shoka

Wanangu, nimesoma nikatabasamu. Kazi ya misitu niliifanya mpaka nikastaafu, ofisi sitaitaja. Niruhusuni nirekebishe kidogo, kisha niongeze.

Mtembezi, mama mmoja si lazima awe na mume mmoja. Ungeokota matunda chini ya muiri mmoja ndani ya msitu mnene, nusu ya kila mbegu ingekuwa imeletwa na wadudu kutoka kwa akina baba wengi. Miche yako ingekuwa ya mama mmoja, baba mbalimbali. Si haba. Tatizo la mti wako ni upweke. Mdudu akizunguka ua lile kwa ua hili la mti ule ule, mbegu ikifungika ni ya ndoa ya mtu na nafsi yake. Mbegu za namna hiyo nyingi huwa hazina kitu ndani, au mche unaota halafu unadumaa. Mti wa mjini ulio peke yake utazame kwa mashaka, hata kama unazaa "vibaya sana".

Tulipokuwa tunakwea miti tulifundishwa hivi: kati ya mti mama na mti mama acha hatua 100. Usichague ule mfupi wenye matawi ya chini kwa sababu mgongo unauma. Usichukue debe zima kwa mmoja na kikombe kwa mwingine, chukua sawa. Na kila mti mfuko wake, kila mfuko karatasi yake: aina, mahali, tarehe, mkwezi. Mbegu zikichanganywa kwenye gunia kabla ya kuandikwa, zimekuwa yatima, hakuna daktari atakayewarudishia ukoo wao.

Sasa muhugu. Hapa ndipo bustani zinaponiudhi. Muhugu ni mti wa Nairobi hasa, Karura na msitu wa Ngong Road bado mnao. Mbao yake ni ngumu, inanukia, hailiwi na mchwa kirahisi. Wachongaji wa Ukambani waliupenda, vinyago vingi mlivyoviona vikiuzwa kwa watalii vilikuwa vya muhugu, mpaka miti minene ikawa hadithi wakahamia mwembe, mwarobaini na hiyo jakaranda yenu. (Jakaranda ni mgeni kutoka Amerika Kusini, lakini kwa hilo nampa asante.)

Muhugu una dume na jike, mti mbalimbali. Nimewahi kusimama katika bustani moja ya umma, sitaitaja, mbele ya mihugu mitatu imepangwa vizuri na viti vya kupumzikia. Msimamizi ananiambia, "Hii haijawahi kuzaa, nadhani ni baridi." Nikatazama maua. Yote mitatu madume. Wamepandwa wakati mmoja, wamemwagiliwa, wamebandikwa majina, na wamekaa pale kama makapera watatu wakingoja basi lisilopita njia hiyo.

Kwa hivyo jibu la swali lako, mwanangu: muiri mmoja wenye kibandiko unahifadhi jina, na unamfundisha mtoto wa shule jani likoje. Hilo ni jambo la maana. Lakini usiuite uhifadhi wa mbegu.

---

Kima_wa_CityPark

Makapera watatu 😂😂 Mzee umeniua. Kesho nikipita kwenye mti nitausalimia "mambo buda".

---

Mwanafunzi_wa_Chiromo

Shikamoo Mzee. Nina swali la dhati. Kama Nairobi miti mama imebaki michache, kwa nini tusilete miche ya muthiga (ule mti wa dawa, Warburgia ugandensis) kutoka Kakamega tukapanda Karura na bustanini? Si ndiyo tutaongeza aina ya jeni?

---

Mzee_wa_Shoka

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake si "ndiyo" wala "hapana".

Muthiga umepimwa DNA, muiri pia, na kilichoonekana ni kwamba Bonde la Ufa si bonde la magari peke yake. Miti ya magharibi ya bonde na ya mashariki yake imetengana muda mrefu. Ni watu wa jina moja wenye koo mbili. Ukichanganya bila kufikiri, kizazi cha kwanza kinaweza kuwa na afya nzuri, lakini ukafuta tofauti ambayo ilichukua maelfu ya miaka kujengeka, na hukuandika popote kwamba umeifuta.

Mimi ningesema: wa Kakamega uje, ukae bustanini ukiwa na karatasi yake. Msituni Karura peleka wa upande huu.

---

Mwanafunzi_wa_Chiromo

Lakini Mzee, hali ya hewa inabadilika. Mti uliozoea Nairobi ya 1950 ndio utakaofaa Nairobi ya 2070? Kuna wanasayansi wanaosema tuanze kuchanganya mbegu za sehemu kame kwa makusudi.

---

Mzee_wa_Shoka

Wapo, na siwapuuzi. Ila tazama neno ulilotumia, "kwa makusudi". Mwenye kusudi huandika. Akipanda wa Kakamega hapa na wa Nyandarua pale, baada ya miaka 30 anaweza kurudi akaona nani amenawiri. Tunachofanya sisi ni kushusha miche kwenye lori, mbegu hazijulikani zilitoka wapi, halafu tunaita hiyo mchanganyiko. Huo si mchanganyiko, ni kupoteza stakabadhi.

---

Kima_wa_CityPark

Na hata mkiweka wa Kakamega bustanini, sisi kima tutakula tunda tuende kuacha mbegu Karura. Hatujasaini mkataba wowote.

---

Mzee_wa_Shoka

Hilo ni kweli kuliko unavyodhani, na ndiyo sababu mti wa mbali haupandwi ukingoni mwa msitu. Kima, nyani, ndege, wote ni wapanzi. Hata wale mbega walioletwa Karura kutoka Kipipiri walikuja na kazi zao.

---

Mdau_wa_Lindi

Wakuu habari, mie nawasoma kutoka Tanzania. Naona bustani zinachapwa sana humu, wacha niwe wakili wake.

Kuna mti unaitwa Karomia gigas. Ulijulikana kwanza pwani ya kwenu Kenya, huko ukakatwa ukatoweka. Ukaja kuonekana tena kwetu kusini, msituni, miti ya kuhesabu. Sasa mti huo unatoa matunda maelfu, ukipasua ndani hakuna kitu, au ukungu umeshakula. Walichukua mbegu wakazipeleka bustani ya mimea ya Missouri, kule St. Louis, Marekani, na chache sana zikaota. Leo kuna miche. Bila bustani tungekuwa tunaongea habari za marehemu.

Kwa hiyo mti ukiwa umebakiza watu wachache duniani, habari ya miti mama 30 haipo tena, unachukua kilichopo hata kama ni mmoja. Bustani ni chumba cha wagonjwa mahututi. Huwezi kukilaumu kwamba hakina uwanja wa mpira.

---

Hesabu_Tamu

Mdau, nakubali, na nina mfano unaokata pande zote mbili. Afrika Kusini, mwaka 1895, John Medley Wood alikuta katika msitu wa Ngoye mmea mmoja wa jamii ya saikadi, ule unaofanana na mnazi mfupi mnene. Ukaitwa Encephalartos woodii. Machipukizi yake yakapelekwa bustani ya Durban, moja likaenda Kew, Uingereza. Leo upo bustani nyingi duniani, umestawi, watu wanapiga nao picha.

Na kote ni mmea ule ule mmoja. Dume. Jike hajapatikana mpaka leo. Ni chipukizi la chipukizi la yule wa 1895. Hajafa, na hajapata mtoto wa aina yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Makapera wa Mzee walikuwa watatu angalau.

---

Wa_Kinoo

Mnisamehe naingilia na swali la pembeni. Ule mugumo, mtini mkubwa wa Waiyaki Way uliookolewa 2020 wakati barabara ya juu inajengwa, nao si uko peke yake? Ina maana tulipigania kapera?

---

Mzee_wa_Shoka

Hapana, mugumo ni habari nyingine kabisa. Ndani ya tunda lake kuna nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, na hao nyigu, wakiwa na chavua, hubebwa na upepo makumi ya kilomita wakitafuta mugumo wenye tunda changa. Ule wa Waiyaki Way unaweza kuwa na wachumba Limuru. Mnaona sasa kwa nini hakuna kanuni moja ya miti yote? Mugumo unaweza kuukuta peke yake mjini ukawa na ukoo mpana. Muhugu mitatu pamoja ikawa haina kitu. Lazima ujue mti wako unaoa vipi.

(Halafu wewe wa Kinoo, stendi yenu ya Muthiga ina jina la mti. Iko miti mingapi ya muthiga hapo leo?)

---

Wa_Kinoo

Mzee, najua mmoja. Uko kwa ploti ya jirani. Watu hubandua gome wakiwa na kikohozi.

---

Mama_wa_Miche

Mmeongea vizuri nyote. Sasa nisikilizeni mimi ninayelala nikinuka samadi.

Kitalu changu kiko kando ya barabara, miaka 11 sasa. Mteja akishuka kwenye gari anauliza mawili: ni pesa ngapi, na mbona mfupi. Tangu nianze hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbegu ilitoka kwa mti gani. Mtembezi mwenyewe aliuliza baada ya kununua 200, si ndiyo?

Mnasema miti mama 30. Nitaikwea lini? Kuingia msitu wa serikali kuokota mbegu unahitaji kibali, na ni sawa, kila mtu akiingia na gunia hakutabaki kitu. Mbegu za kununua zenye karatasi zinapatikana kule Muguga kwa watu wa KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu), mimi hununua za miti kadhaa. Lakini muiri na muthiga si mbegu za kuweka. Unaokota leo, unaosha nyama ya tunda, unapanda wiki hiyo. Ukichelewa unamwagilia mchanga. Na hiyo miti 30 haikai kikao ikubaliane kuzaa siku moja. Huu umeiva Februari, ule Juni, mwingine mwaka huu umepumzika, na ule ulioiva vizuri kima amewahi.

Kwa hivyo ndiyo, nami nina mti wangu wa nyuma ya choo. Wangu uko shule ya msingi karibu na lango. Kila kitalu kina kanisa lake. Msituseme kama wezi.

Mzee, nikuulize kwa heshima: nikipata minane tu, si thelathini, kuna maana?

---

Mzee_wa_Shoka

Mama, nakupa heko, na hakuna aliyekuita mwizi. Minane ina maana sana kuliko mmoja. Muulize huyo wa githeri.

---

Hesabu_Tamu

Minane ni punje 16, nafasi 56 kati ya 100. Kutoka 10 hadi 56. Mama, hiyo ni kazi kubwa.

Na soma sentensi yako mwenyewe tena: "Kila kitalu kina kanisa lake." Vitalu 10 vya barabara hiyo, kila kimoja na mti wake tofauti, wakibadilishana miche kabla ya kuuza, kila mmoja ana miche ya mama 10 bila mtu kukwea mti mpya hata mmoja. Wakiongeza mti mmoja mmoja kwa mwaka, kila kitalu chake, mwaka wa tatu wamefika 30.

---

Mama_wa_Miche

Hiyo ya kubadilishana naiweza. Tunabadilishana hata mifuko na mbolea, sembuse miche. Shida ni mtu atanipa iliyodumaa achukue yangu mizuri.

---

Mtembezi_wa_Arbo

Mama, nisamehe. Ni kweli niliuliza baada ya kulipa.

Sasa nafikiria upande wa bustani. Kama vitalu vinaweza kugawana, bustani nazo zinaweza. Arboretum haina nafasi ya mihugu 30, City Park haina, ua la chuo kikuu halina. Lakini kila moja inaweza kupata mitatu: mama tofauti, na ikiwezekana dume na jike. Ongeza shule, makanisa, hospitali, makaburi ya Lang'ata. Karatasi ziwe pamoja mahali pamoja. Hapo "bustani" si kipande kimoja chenye ukuta, ni daftari moja lenye miti kila mahali. Na mti mmoja ukianguka kwa upepo, au mtu akitaka kujenga, tunajua ni mama yupi tumempoteza na ndugu yake yuko wapi.

Bustani kubwa za dunia zimeanza kwenda hivyo, kuhesabu miti yao kama mkusanyiko mmoja uliotawanyika. Sisi mbona tungoje?

---

Kima_wa_CityPark

Vibandiko vya alumini vitakaa siku mbili, ya tatu viko kwa chuma chakavu.

---

Mtembezi_wa_Arbo

Ndiyo maana nasema daftari. Kibandiko kikiibwa, mahali pa mti pako kwenye ramani ya simu, na mti hauhami. Namba ipakwe rangi kwenye shina, huwezi kuipima kilo.

---

Mdau_wa_Lindi

Mkuu Mtembezi, na ile miche yenu 200 kando ya mto? Mtaing'oa?

---

Mzee_wa_Shoka

Asithubutu kung'oa. Iache ishike udongo. Ila apande mingine katikati yake, ya mama wengine, sasa hivi kabla hiyo haijaanza kutoa maua. Muiri huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, kwa hivyo muda upo. Na aandike kwenye daftari kwamba ile ya kwanza mbegu zake zisichumwe. Hiyo ndiyo kazi ngumu, maana atakayechuma miaka 15 ijayo hayupo kwenye uzi huu.

---

Mama_wa_Miche

Narudi baada ya wiki tatu, wengi mlidhani nimetoroka.

Tumekubaliana vitalu sita, si kumi. Wanne wamekataa, mmoja amesema mnatafuta kumwibia wateja. Tumeanza na muiri na muthiga. Kila mfuko una rangi ya mama yake, tumetumia rangi za kucha za binti yangu. Shule ni nyekundu, kanisa la Mtembezi ni bluu (huyo tumempa trei moja tu, amezidi kujulikana), Mzee ametuelekeza mitatu iliyo kwenye shamba la mtu juu ya Limuru na mwenyewe ameturuhusu tuokote, hiyo ni kijani, zambarau na ya dhahabu. Ya dhahabu kima amekula yote isipokuwa mbegu 14.

Msimamizi wa bustani moja amekuja akataka miche 60 ya kupanda mvua ndefu. Nikamwambia nitampa sita, rangi sita, mmoja mmoja, na karatasi. Akauliza mbona kidogo. Nikamwambia asome huu uzi. Amechukua sita, na ameagiza muhugu, nikamuuliza dume au jike. Amesema atarudi.

Wa_Kinoo, huyo jirani yako mwenye muthiga, mwombe asiruhusu watu wabandue gome mpaka matunda yaiva. Nakuja Jumamosi asubuhi na ndoo. Nishukie stendi gani?

---

Wa_Kinoo

Shuka Muthiga, mama. Nitakungoja kwa duka la M-Pesa. Njoo na ngazi, huo mti ni mrefu.